Je, picha ya CT scan inaweza kutabiri kama saratani changa ya pafu itasambaa?

#1 Mwana wa Magomeni

Habari za jioni wanajukwaa. Mama yangu mdogo ana miaka 63, hajawahi kuvuta sigara, na sehemu kubwa ya maisha yake amepika kwa mkaa. Kikohozi kilipokataa kuisha alipelekwa kupigwa CT scan ya kifua, na ripoti ikasema hivi: kinundu kimoja cha milimita 14 katika pande la juu la pafu la kulia, chenye sehemu ngumu ya milimita 6 iliyozungukwa na ukungu, na tezi za katikati ya kifua hazijavimba. Daktari bingwa wa kwanza alitueleza kwamba hata ikithibitika kuwa ni saratani, kwa picha ile uwezekano wa kuwa imekwisha kusambaa ni mdogo sana. Bingwa wa pili, ambaye naye tunamheshimu, alisema picha haitoshi kusema hivyo, kwa kuwa chembe za saratani husafiri zikiwa ndogo mno kuonekana.

Matibabu yake yako mikononi mwa hospitali, kwa hiyo siombi dawa hapa. Ninachotaka kukielewa ni kimoja: je, CT inaweza kweli kutabiri kwamba saratani changa ya pafu itasambaa, au inaonyesha tu kile kilichokwisha kutokea? Mwenye ushahidi aje nao.

#2 Mama Chanika

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mungu ampe mama nafuu. Nimekaa hapa nisome wanaojua.

#3 Kifua Wazi

Nimefanya kazi kwenye wodi za magonjwa ya kifua kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu bingwa wa kwanza ana msingi wa kusimamia. Kitu cha kutazama kwanza ni kile kiini kigumu kilichomo ndani ya ukungu, kama kiini cha yai kilivyo ndani ya ute. Katika saratani ya aina ya adenokasinoma, ambayo ndiyo huwapata zaidi wasiovuta sigara, ukungu mara nyingi huwakilisha chembe zinazotambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa bila kuzivunja, na sehemu ngumu huwakilisha mahali ambapo zimeanza kupenya. Chembe isiyopenya haina njia ya kufika kwenye mishipa ya damu wala ya limfu.

Wajapani waliupima uhusiano huu kwa makini. Utafiti wa JCOG, kundi lao la watafiti wa saratani, uliochapishwa 2011 uliuliza kama picha peke yake inaweza kuzitenga saratani ambazo hazijaingia kwenye mishipa wala kufika kwenye tezi za limfu. Waligawa kipenyo cha sehemu ngumu kwa kipenyo cha kinundu kizima. Walipoweka mpaka kwenye 0.5, umahususi ulikuwa 96.4%, chini kidogo ya lengo lao la 97%. Walipoushusha mpaka kuwa 0.25, kwa vivimbe visivyozidi sentimita 2, umahususi ulifika 98.7%. Maana yake ni kwamba kati ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kupenya, ni wachache mno ambao picha iliwaweka kimakosa upande wa salama.

Kwa mama yako mdogo, 6 ukigawa kwa 14 unapata kama 0.43. Hayuko kwenye kundi la usalama mkubwa kabisa, lakini yuko upande ambao kusambaa si kwa kawaida. Ndiyo maana hata mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani ya mapafu, tangu toleo lake la nane, hupima sehemu ngumu tu kwa vinundu vya namna hii. Kwa kipimo hicho uvimbe wake unahesabiwa kuwa wa milimita 6.

#4 Mjukuu wa Kunduchi

Nakubaliana na #3 kuhusu sehemu ngumu, ila ameacha umbo, na umbo lina mengi ya kusema. Kinundu chenye kingo laini si sawa na kinundu chenye miiba inayotoka pande zote kama miale. Mtazame pia kama kuna uzi unaokivuta kuelekea utando wa pafu. Saratani ikipenya utando huo, hata kama uvimbe haujafika sentimita 3, inapandishwa daraja kutoka T1 kwenda T2a katika mfumo huo wa hatua alioutaja #3, kwa sababu utando umejaa njia za limfu. Mtoa mada, ripoti inasema nini kuhusu kingo na umbali kutoka kwenye utando?

#5 Nesi wa Temeke

Samahani wakubwa, mnatembea haraka kuliko mgonjwa. Mnajadili kusambaa kwa saratani ambayo hakuna aliyeithibitisha. Tuko Dar es Salaam, katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kifua kikuu nacho hupenda pande la juu la pafu. Kinaacha kovu, kinaacha miiba, kinavuta utando, yaani kila alama aliyoitaja #4 kinaweza kuiigiza.

Nimemhudumia baba mmoja ambaye ripoti ya picha yake iliandikwa kwa lugha ya saratani mwanzo hadi mwisho. Familia ilikuwa imekwisha kuanza kugawana majukumu ya msiba. Kinyama kilipochukuliwa na kupimwa, pamoja na makohozi kuingizwa kwenye GeneXpert, mashine ya kutafuta vijidudu vya kifua kikuu, ikawa kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita na leo anauza samaki Feri. Naomba hatua hiyo isirukwe.

#6 Kifua Wazi

Nesi, hoja yako naipokea kwa heshima zote. Hata Marekani, ambako kifua kikuu ni nadra, utafiti mkubwa wa NLST wa watu 53,454, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya 96% ya vipimo vya CT vilivyotia shaka havikuwa saratani. Pamoja na hayo, utafiti huohuo ulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa 20% ukilinganisha na eksirei ya kawaida. Picha ilikosea mara nyingi na bado iliokoa watu.

Ila nikusahihishe kidogo. Kifua kikuu kwa kawaida huleta kinundu kigumu, mara nyingi chenye chokaa au vinundu vidogo pembeni yake. Kinundu chenye kiini na ukungu unaodumu miezi kadhaa kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa saratani au hatua inayoitangulia. Neno la kushika hapo ni "unaodumu", kwa sababu ukungu wa maambukizi huyeyuka. Ndiyo sababu mwongozo wa 2017 wa Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, unataka kinundu cha namna hii kipigwe picha tena baada ya miezi 3 hadi 6 kabla ya mambo mengine.

#7 Mhandisi Tabata

Wakuu, nyote mnatazama picha moja iliyosimama. Kama swali ni utabiri, basi tazameni mwendo. Uvimbe unaosambaa ni uvimbe unaokua, na ukuaji unapimika.

Utafiti wa NELSON uliofanyika Uholanzi na Ubelgiji haukutegemea kipenyo, ulitegemea ujazo. Kinundu kilichoongeza ujazo wake maradufu ndani ya siku 400 kilihesabiwa kuwa cha hatari, kilichochukua zaidi ya siku 600 kiliachwa kiendelee kufuatiliwa tu. Matokeo yao ya 2020 yalionyesha vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume kupungua kwa 24% katika miaka 10. Sasa fanyeni hesabu hii rahisi: kinundu cha duara cha milimita 10 kikiongezeka kipenyo hadi milimita 12.6 tu, ujazo wake umekwisha kuwa maradufu. Kwa macho utasema hakijabadilika. Kwa hiyo mimi nasema sehemu ngumu na miiba ni dalili za pembeni, na kasi ndiyo dalili kuu.

#8 Mama Chanika

Mhandisi, leo umekuja bila michoro yako, tumshukuru Mungu. Lakini nimekuelewa.

#9 Radiografa Ilala

Mimi ndiye mtu anayekulaza kwenye kile kitanda na kukuambia unyanyue mikono juu ya kichwa, uvute pumzi na kuishikilia. Naomba niseme jambo ambalo wachangiaji wengi hawalioni wakiwa upande wa ripoti.

Hesabu ya #7 ni sahihi, lakini kosa la kawaida la kupima kipenyo kwa mkono, hata mpimaji akiwa yuleyule, linakaribia milimita 1.5 hadi 2. Tofauti ya 10 na 12 inaweza kuwa uvimbe umekua, na inaweza kuwa mgonjwa mara ya kwanza alivuta pumzi nusu na mara ya pili akaijaza. NELSON wenyewe walitaka ongezeko la ujazo la angalau 25% ndipo waite ukuaji, na walitumia programu ya kompyuta. Isitoshe, vinundu vyao vingi vilikuwa vigumu. Ukungu hauna ukingo ambao programu inaukamata kwa urahisi.

Lakini kubwa zaidi ni unene wa vipande vya picha. Picha zikitengenezwa kwa unene wa milimita 5, kinundu cha milimita 14 kinaonekana kwenye vipande kama vitatu, na kiini cha milimita 6 kinaangukia kwenye kimoja au viwili. Kila nukta ya picha ni wastani wa kila kilichomo ndani ya unene huo. Hewa ikiwa chini ya kiini, kiini kinafifia na kuonekana ukungu. Mshipa wa damu ukipita hapo, ukungu unaonekana mgumu. Kwa kazi hii unataka vipande vya milimita 1 au 1.5, na utazame kwa mpangilio wa kuangalia mapafu, kisha kwa mpangilio wa kuangalia katikati ya kifua, kwa sababu kiini kilekile hupungua ukubwa ukibadilisha mpangilio. Mtoa mada, fungua CD uliyopewa, bofya picha moja, tazama pembeni. Unene umeandikwa hapo.

#10 Mwana wa Magomeni

Asanteni sana nyote. #4, ripoti inasema kingo haziko sawa, na haikutaja utando. #9, nimefungua CD. Pembeni pameandikwa 5.0 mm. Nimepitisha picha moja baada ya nyingine kwenye kompyuta na ni kweli, kinundu kinatokea, kinakolea, kinapotea, vyote ndani ya vipande vitatu. Je, ina maana arudie kipimo na kupigwa mionzi tena?

#11 Radiografa Ilala

Si lazima. Mashine nyingi za sasa hukusanya taarifa kwa unene mdogo sana, halafu sisi tunatengeneza vipande vinene ili faili liwe jepesi. Taarifa ghafi hukaa kwenye mashine kwa muda kisha hufutwa kupisha nyingine. Nenda mapema kwenye kituo mlichopimia, omba kwa upole watengeneze upya vipande vyembamba vya mapafu. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu kama taarifa bado ipo.

Kuhusu mionzi, katika NLST kipimo cha kiwango cha chini kilikuwa wastani wa milisiveti 1.5, na CT ya kawaida ya kifua hufika kama 7 au 8. Mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutokana na ardhi na anga. Si jambo la kupuuza, wala si sababu ya mtu wa miaka 63 mwenye kinundu cha mashaka kukimbia kipimo.

#12 Binti Upanga

Nirudi kwenye swali la mtoa mada, maana bingwa wa pili hajatetewa na mtu. Ripoti inasema tezi hazijavimba. Kwa CT, tezi inaitwa kubwa ikiwa upande wake mfupi umezidi milimita 10. Tezi yenye milimita 7 inaweza kubeba saratani, na tezi yenye milimita 15 inaweza kuwa imevimba kwa sababu ya vumbi, moshi wa kuni au kifua kikuu cha zamani. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na madaktari wa kifua wa Marekani kwa ajili ya mwongozo wao wa 2013 yalikuta CT ikizitambua tezi za katikati ya kifua zenye saratani kwa takriban 55% tu, na kuziona salama zilizo salama kwa 81%. Kwa hiyo sentensi ya "tezi hazijavimba" haina uzito ambao familia nyingi huipa.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na kinundu kigumu kidogo, hata sentimita moja na nusu hakikufika, na kifua chake kilionekana kisafi. Alipoanza kuumwa kichwa na kuona mawili mawili, kipimo cha MRI kilikuta ugonjwa kwenye ubongo. Hakuna picha ya kifua iliyotuonya.

#13 Kifua Wazi

Pole sana Binti Upanga. Mjomba alikuwa na kinundu kigumu kizima, bila ukungu, na hilo ni kundi jingine kabisa. Kwa ukubwa uleule, kigumu kizima husambaa mara nyingi zaidi kuliko kilichochanganyika, na ukungu mtupu ni nadra mno kufika kwenye tezi. Hata ile 55% imetoka kwa wagonjwa wa kila namna, wengi wao wakiwa na vivimbe vikubwa. Huwezi kuichukua na kuiweka juu ya kinundu cha milimita 14 chenye ukungu. Kisa cha mjomba, kwa uchungu wake wote, kinaunga mkono kwamba sura ya kinundu ina habari.

#14 Binti Upanga

Kinaunga mkono kwa sehemu. Mnaweza kunieleza kwa nini wengine wenye vinundu vigumu vya ukubwa uleule hukatwa pande la pafu na kuishi miaka ishirini? Picha zao zinafanana na ya mjomba.

#15 Kijana wa Mlimani

Hapo ndipo akili mnemba inapoingia. Jicho la mtu linaona kingo na rangi, kompyuta inaona mamia ya sifa za mpangilio wa nukta ambazo hatuna hata majina yake. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,019 wa saratani za mapafu na za kichwa na shingo, wakapima sifa 440 kwenye picha za CT, na wakapata alama iliyohusiana na muda wa kuishi. Mwaka 2023 ikaja programu ya Sybil iliyotengenezwa na watafiti wa MIT na wenzao wa Boston, ambayo kwa picha moja tu inakadiria hatari ya miaka sita ijayo. Mimi naamini jibu la Binti Upanga limo ndani ya picha zilezile, ila macho yetu hayatoshi.

#16 Mhandisi Tabata

Kijana, shauku yako naipenda, lakini tenganisha vitu viwili. Sybil inakadiria kama mtu atapata saratani ya pafu. Haikadirii kama saratani aliyonayo itasambaa. Ni swali lingine. Vilevile ile alama ya 2014 ilichunguzwa upya, na kazi iliyochapishwa 2019 ilionyesha kwamba nguvu yake kubwa ilitoka kwenye ujazo wa uvimbe. Walipovuruga nukta za picha kwa makusudi, alama iliendelea kutabiri karibu vilevile, kwa sababu ukubwa haukuguswa. Kwa hiyo zile sifa nyingi zilikuwa zinarudia habari ambayo rula inaweza kutupa.

#17 Kijana wa Mlimani

Asante kwa ufafanuzi kuhusu Sybil. Lakini udhaifu wa alama moja hauangushi njia nzima. Mbinu za sasa zinajifunza kutoka kwenye picha yenyewe bila kuchaguliwa sifa. Kizuizi ninachokiona ni data: Sybil ilifundishwa kwa picha za NLST, yaani wavuta sigara wa Marekani. Mama wa Magomeni aliyepika kwa mkaa na kuishi kwenye mji wenye kifua kikuu hayumo. Tungekuwa na hifadhi ya picha za hapa, za Muhimbili na Ocean Road na hospitali za mikoa, zilizounganishwa na majibu ya maabara na kilichompata mgonjwa baadaye, swali hili tungeliuliza kwa watu wetu wenyewe.

#18 Nesi wa Temeke

Hilo la hifadhi ya picha naliunga mkono kwa moyo wote. Wagonjwa wetu wanatembea na CD kwenye mifuko ya plastiki, zikikwaruzika habari imepotea, na miaka miwili baadaye hakuna picha ya zamani ya kulinganisha na mpya. Kasi anayoisema Mhandisi itapimwaje bila picha ya kwanza?

#19 Maabara Kimya

Nasoma vinyama chini ya hadubini, na nimeusoma uzi huu tangu #1. Nadhani Binti Upanga ameuliza swali ambalo picha haitalijibu peke yake.

Kuna kusambaa ambako tunakuona sisi tu. Tangu 2015 uainishaji wa Shirika la Afya Duniani umeitambua hali ya chembe za saratani kuelea ndani ya vifuko vya hewa nje kabisa ya ukingo wa uvimbe. Wenye hali hiyo hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi, hasa wakikatwa kipande kidogo cha pafu. Kwenye CT ni pafu la kawaida. Watafiti wamejaribu kuibashiri kwa picha, na kinachojirudia ni kilekile alichosema #3: sehemu ngumu ikiwa kubwa, uwezekano unapanda. Hata hivyo wapo wenzangu wanaodai kwamba baadhi ya chembe hizo huburutwa na kisu wakati wa kukata sampuli, kwa hiyo hata sisi hatujakubaliana.

Halafu kuna vinasaba. Mradi wa TRACERx wa Uingereza, katika matokeo yake ya 2017 ya wagonjwa 100 wa kwanza, ulionyesha kwamba vivimbe ambavyo kromosomu zake hazitulii, zinazopoteza na kuongeza vipande kutoka chembe hadi chembe, ndivyo vilivyohusiana na ugonjwa kurudi au mgonjwa kufariki. Vivimbe viwili vya milimita 14 vinaweza kufanana kwenye picha na kutofautiana kabisa katika jambo hilo. Huenda ndiyo tofauti ya mjomba na wale waliopona.

#20 Mjukuu wa Kunduchi

Maabara Kimya, leo umevunja jina lako, na tunashukuru. Lakini kuna daraja kati ya hoja yako na ya Kijana. Kama kromosomu zisizotulia zinabadilisha ukuaji, basi ukuaji unabadilisha umbo, na umbo linaonekana. Miiba si pambo. Mingine ni tishu inayokazwa na kovu, mingine ni saratani inayofuata njia za limfu. Sioni kwa nini vinasaba na picha viwekwe kwenye mizani pinzani.

#21 Maabara Kimya

Umesema mwenyewe kwamba mingine ni kovu na mingine ni saratani. Ukiniletea mwiba kwenye picha, siwezi kukuambia ni upi kati ya hiyo miwili mpaka nipate kinyama.

#22 Daktari wa Kisu

Nafanya upasuaji, na kwangu swali hili linaishia mezani: nikate pande zima la pafu au kipande chake? Utafiti wa Marekani wa 1995 ulitufunga kwenye pande zima kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Wajapani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao sehemu ngumu ilizidi nusu ya kinundu. Waliokatwa kipande waliishi miaka mitano kwa 94.3%, waliokatwa pande zima kwa 91.1%. Maana yake ni kwamba picha ilituchagulia watu ambao saratani yao ilikuwa na tabia ya upole kiasi cha kuturuhusu kuacha pafu. Huo ni utabiri unaofanya kazi.

#23 Binti Upanga

Daktari, katika utafiti huohuo ugonjwa ulirudi ndani ya kifua kwa 10.5% ya waliokatwa kipande, dhidi ya 5.4% ya waliokatwa pande zima. Kama picha ilitabiri vizuri, mbona ulirudi karibu mara mbili?

#24 Daktari wa Kisu

Takwimu zako ni sahihi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwenye pafu kubwa lililobaki anavumilia matibabu mengine, iwe ni ya ugonjwa uliorudi, ya saratani nyingine au ya nimonia, kwa hiyo anaishi zaidi. Wapo wanaosema ni chembe zilizoelea ambazo #19 amezitaja. Mimi naegemea kwenye maelezo ya kwanza, ila nikikuta chembe hizo kwenye ripoti ya maabara baada ya kukata kipande, silali vizuri.

#25 Mwana wa Magomeni

Nimerudi. Taarifa ghafi zilikuwa bado zipo na vipande vya milimita 1 vimetengenezwa. Daktari wa radiolojia ameandika upya kwamba sehemu ngumu ni milimita 8, mshipa mmoja wa damu unaingia ndani ya kinundu, na kuna uzi unaogusa utando lakini utando haujavutwa. Makohozi hayana kifua kikuu. Madaktari wamegawanyika kati ya kurudia picha baada ya miezi mitatu na kuchukua kinyama sasa. Mmoja ametaja kipimo cha PET.

#26 Nesi wa Temeke

Kuhusu PET, kuweni waangalifu jinsi mtakavyosoma jibu. Sukari yenye mionzi wanayochoma hufuatwa na chembe zenye njaa, na uvimbe wa kifua kikuu una njaa kama saratani. Mapitio ya tafiti ya 2014 yalionyesha kwamba katika maeneo yenye maambukizi mengi ya mapafu, PET iliweza kusema "hii si saratani" kwa usahihi wa 61% tu, wakati kwingine ilikuwa 77%. Tezi ikiwaka msilie mpaka itobolewe na kupimwa.

#27 Kifua Wazi

Na PET ikizima msishangilie. Vinundu vyenye ukungu hula sukari kidogo hata vikiwa saratani.

Kwa milimita 8 juu ya 14 uwiano unapanda hadi kama 0.57, yaani ametoka upande mmoja wa mpaka wa Wajapani kwenda mwingine bila uvimbe kukua hata kidogo. Kwa hiyo mimi ningechukua kinyama.

#28 Mhandisi Tabata

Mimi ningesubiri miezi mitatu, kwa vipande vya milimita 1, mashine ileile, na pumzi iliyojazwa vilevile. Kinyama kitasema ni nini, hakitasema kinaenda kasi gani. Na sindano ikikosa kiini ikaingia kwenye ukungu, jibu litakuja jepesi kuliko hali ilivyo.

#29 Maabara Kimya

Sindano ikikosa kiini, nitaandika kwamba sampuli haitoshi, na bingwa anapaswa kuirudia. Miezi mitatu kwa kiini cha milimita 8 ni muda ambao mimi binafsi nisingependa kuuacha upite bila kujua ninachosubiri ni kitu gani.